Hoja Juu ya Fuawe

Ikiwa umewahi kusoma katika shule ya bweni, yamkini ulibeba nguo na vitabu vyako ndani ya sanduku la bati. Huenda hukupata kuuliza sanduku lile lilitoka wapi. Mengi ya masanduku ya namna hiyo hutengenezwa mashariki ya jiji la Nairobi, katika vibanda vya wafua chuma wa Kamukunji na Gikomba, karibu na Mto Nairobi. Ukipita huko asubuhi utasikia nyundo kabla hujawaona wenye nyundo. Kila fundi amekaa mbele ya fuawe yake, na pengine fuawe yenyewe ni kipande cha reli kuukuu. Bati huwekwa juu yake, likapigwa, likakunjwa, likawa jiko au karai au sanduku. Bati halina la kusema. Hupokea umbo alitakalo fundi.

Katika mwaka 1954 neno fuawe lilitumiwa katika mitaa hiyo hiyo kwa maana nyingine. Jeshi la Serikali ya kikoloni lilipanga msako mkubwa, nalo likaupa, kwa lugha ya Kiingereza, jina la chombo hicho: Operesheni Fuawe. Ndani ya jina hilo mlikuwamo nyundo, mlikuwamo fuawe, na mlikuwamo kitu cha kupigwa katikati ya hivyo viwili. Kitu hicho kilikuwa watu.

Nataka tutazame pamoja jinsi jina kama hilo, na hoja zilizolitangulia, zilivyofanya kazi yake. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba tamathali za usemi na makosa ya hoja ni mambo ya mtihani tu, ya kukaririwa usiku na kusahauliwa asubuhi. Historia ya Gikomba na majirani zake yatufundisha vingine. Hoja mbovu haikai hewani. Watu hujengewa nyumba kwa kipimo chake, hulipwa mshahara kwa hesabu yake, na hufungwa kwa hukumu yake.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo. Hoja ni jengo lenye sehemu mbili: misingi, yaani mambo tunayokubali kuwa kweli, na hitimisho, yaani jambo tunalodai kwamba linatokana na misingi hiyo. Hoja yaweza kuwa mbovu hata kama kila msingi wake ni kweli. Tuchukue mfano wa sokoni. Gikomba ni soko mashuhuri la mitumba. Muuzaji akikuambia, "Kila mtumba hapa umetoka ng'ambo, shati hili limetoka ng'ambo, basi shati hili ni mtumba," usikubali upesi. Misingi yote miwili yaweza kuwa kweli, lakini hitimisho halifuati, kwa maana mashati mapya pia hutoka ng'ambo. Muuzaji amegeuza sentensi kichwa chini. Likumbuke shati hilo, kwani tutalirudia.

Tamathali ni jambo jingine. Hiyo ni njia ya kusema ambayo hulivika wazo umbo. Istiara, ambayo wengine huiita sitiari, hukiita kitu kwa jina la kitu kingine. Tafsida hulifunika neno kali kwa neno laini. Na iko tamathali ambayo ndani yake jina la mahali au la hali husimama badala ya jambo lenyewe. Mafundi niliowataja huitwa watu wa jua kali, kwa sababu wengi wao walianza kazi bila paa, jua likiwachoma mgongoni; leo hata nyaraka za Serikali hulitumia jina hilo. Vivyo hivyo, uwanja wa Kamukunji umekutaniwa mara nyingi sana hata Wakenya husema "kamukunji" wakiwa na maana ya mkutano wowote wa watu kujadiliana. Tamathali si kosa. Ni utajiri wa lugha. Kosa huja pale tamathali inapokalishwa kwenye kiti cha ushahidi.

Sasa tuingie katika historia. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyokuwa ikielekea Uganda. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na maofisa wakaamuru soko lichomwe moto. Mwaka 1913 bingwa wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, aliitwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika ya Mashariki. Ushauri wake ulikuwa kwamba watu watengwe kwa rangi zao, kila taifa likae katika mtaa wake. Uchunguze ushauri huo, msomaji. Maradhi yalionekana mahali penye msongamano, takataka na mitaro mibovu. Mahali hapo palikaliwa na Wahindi na Waafrika. Basi ikaonekana kana kwamba rangi ya wakazi ndiyo ilikuwa shina la maradhi. Lakini tauni huletwa na viroboto wa panya, na kiroboto hamwulizi mtu asili yake. Dawa ya mtaro mbovu ni mtaro mwema. Hili ni kosa la kuviona vitu viwili pamoja, kisha kudai kwamba kimoja kimezaa cha pili, bila kutafuta cha tatu kilichovizaa vyote.

Hoja hiyo haikubaki kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 viwanja vilipimwa Pumwani, jirani ya Gikomba, pawe mahali pa Waafrika. Wakazi wa vijiji vya zamani vya mjini walitakiwa kuhamia huko, wakajijengea nyumba za miti na udongo kwa gharama zao wenyewe. Kijiji cha Pangani kilidumu kwa muda, hata nacho kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Huduma zilizotolewa katika mitaa hii zilikuwa haba. Msongamano ukazidi, na uchafu ukafuata. Kisha mtu aliyependa utengano angeweza kunyoosha kidole na kusema, "Je, hamwoni? Tulisema kweli." Hoja ilikuwa imejitengenezea ushahidi wake.

Kutokana na hapo lilikuja kosa kubwa zaidi, nalo ni hoja ya mviringo. Katika siku hizo kiasi cha chini cha mshahara wa Mwafrika mjini kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto. Makao mengi ya wafanyakazi nayo yalipangwa kwa vitanda, si kwa familia. Nitaipanga fikira hiyo kwa maswali na majibu, ili uone inavyozunguka. Kwa nini mshahara wa mfanyakazi huyu ni mdogo? Kwa sababu anajilisha peke yake; mkewe na watoto wako shambani. Kwa nini mkewe na watoto wako shambani? Kwa sababu hapa mjini ana kitanda kimoja tu. Kwa nini amepewa kitanda kimoja? Kwa sababu si mwenyeji wa mji, ni mpita njia. Twajuaje kwamba ni mpita njia? Kwa sababu mshahara wake ni wa mtu mmoja, na familia yake haiko naye.

Umeona? Tumeanza na mshahara na tumerudi kwenye mshahara. Hakuna jibu lililosimama kwa miguu yake. Kila moja limeegemea jingine. Hata hivyo mviringo huo ulitosha kuwatenga mamia kwa maelfu ya baba na watoto wao kwa miaka mingi. Ndiyo maana hoja ya mviringo ni ya hatari: aliye ndani yake haoni pa kuanzia kuipinga, maana kila anapogusa huambiwa kwamba sababu iko mbele kidogo.

Wako waliojaribu kuuvunja mviringo huo. Katika mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, kulikuwa na ukumbi uliosifika kwa mikutano na mijadala. Tarehe 23 Aprili, 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alidai mbele ya umati kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya juma moja. Pamoja na kufunguliwa kwa viongozi wao, walidai kiasi cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alizuiliwa mbali na watu hata mwaka 1961.

Wapinzani wake walijibu vipi? Walisema yeye ni Mkomunisti. Ilikuwa kweli, wala yeye mwenyewe hakuficha. Lakini jiulize: ukweli huo wajibu nini juu ya shilingi 100? Bei ya unga haibadiliki kwa imani ya anayeitaja. Kumshambulia msemaji badala ya kulijibu neno lake ni kosa la hoja hata pale shambulio lenyewe linapokuwa na ukweli. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba kosa hili ni sawa na kumsingizia mtu. Sivyo. Kosa ni kuliacha swali juu ya meza na kumgeukia aliyeliuliza.

Jibu la haki lilikuja miaka minne baadaye, na lilitoka ndani ya Serikali yenyewe. Kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake mwaka 1954. Ilishauri kwamba mshahara uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto, ingawa kwa hatua, si kwa mara moja. Kamati hiyo ilifanya jambo ambalo hoja ya mviringo hulikataza: ilishika sehemu moja ya duara na kuuliza kama lilikuwa lazima liwe hivyo. Mlipe mtu mshahara wa kutunza familia, nawe utaona kama ni mpita njia au ni mwenyeji.

Lakini mwaka ule ule, ambamo kamati moja ilikuwa ikifungua mviringo, jeshi lilikuwa likifunga mwingine. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, 1954, kwa amri ya Jenerali George Erskine, askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji na kuanza kupekua mitaa ya mashariki, nyumba kwa nyumba. Watu walitolewa nje, wakatengwa kwa makabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa upande wao. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa vijijini.

Hapa lirudie lile shati la sokoni. Wapiganaji wa Mau Mau walitoka hasa katika makabila hayo matatu. Mtu huyu ni wa kabila mojawapo. Basi mtu huyu ni wa Mau Mau. Ni sentensi ile ile iliyogeuzwa kichwa chini. Ulipoisikia juu ya shati huenda ulitabasamu. Iliposemwa juu ya mtu, ilimtoa kitandani alfajiri na kumpakia katika lori.

Walioshukiwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kutoka kichwani, yenye matundu ya macho tu. Wenyeji waliwaita gakunia, yaani kijigunia. Mtu wa gunia akitikisa kichwa, aliyepita mbele yake alikwisha hukumiwa. Msemaji asiyejulikana hawezi kuulizwa, "Uliona wapi? Uliona lini? Una kisasi gani nami?" Ushuhuda usioweza kuulizwa haufai kuitwa ushuhuda. Kisha waliozuiliwa walitiwa katika mafungu yaliyoitwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi. Weupe walionekana kuwa salama, weusi wakahesabiwa kuwa wagumu. Itazame istiara hiyo, ilivyobeba ndani yake majivuno ya wakati wake, na jinsi ilivyofanya hukumu ionekane kama jambo la macho tu. Kazi nzima iliitwa kuchuja, kama kwamba watu ni chai na makapi. Hiyo ni tafsida, na kazi ya tafsida ya namna hiyo ni kumwezesha mtendaji kulala usingizi.

Neno la mwisho juu ya kambi hizo ndilo zito kuliko yote. Aliyekiri kwamba alikula kiapo alihesabiwa kuwa na hatia. Aliyekana aliambiwa kwamba anakana kwa sababu kiapo chenyewe kimemfunga asiseme. Basi kukiri kulithibitisha, na kukana kulithibitisha. Msomaji wangu, ukikutana na hoja ambayo majibu yote mawili huipa nguvu, simama. Hoja isiyoweza kushindwa na jambo lolote duniani haikujengwa juu ya jambo lolote la dunia. Huo ni ukuta usio na mlango, na wako waliokaa ndani yake kwa miaka.

Haingekuwa haki nikikuachia udhani kwamba makosa haya yalikuwa ya upande mmoja. Miongoni mwa wapiganaji nao ilisikika kauli kwamba asiyekuwa pamoja nasi ni msaliti. Hiyo huitwa hoja ya njia mbili: humfungia mtu njia zote isipokuwa mbili, na ya tatu, iliyoko mbele ya macho, haitajwi. Tom Mbotela alikuwa mzalendo wa chama cha KAU aliyeupinga ukoloni na akazipinga pia njia za Mau Mau. Aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka 1953. Mitaa miwili ya mashariki ya Nairobi inaitwa kwa majina yao hadi leo. Ukisikia makondakta wa matatu wakiyataja, kumbuka kwamba ni majina ya watu waliopita katika njia ya tatu.

Wala makosa hayakukoma uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Katika mwaka 1990 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai wadai vyama vingi. Mkutano ulikatazwa, nao wakatiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi wakawatawanya, machafuko yakaenea, na wengine wakapoteza maisha. Siku hiyo huitwa Saba Saba. Hoja ya watawala ilikuwa ya njia mbili: ama chama kimoja, ama vita vya makabila.

Sheria ya chama kimoja iliondolewa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwaka uliofuata. Kwa huzuni, mapigano ya kikabila yalitokea katika Bonde la Ufa na kwingineko. Hapo wengine wakasema, "Vyama vingi vimekuja, vita vimekuja, basi vyama vingi vimeleta vita." Hili ni kosa la kudhani kwamba kilichofuata kimezaliwa na kilichotangulia. Tena mfuatano wenyewe si sahihi. Mapigano yalianza Oktoba 1991, kabla ya sheria kubadilishwa. Na kamati ya Bunge iliyochunguza jambo hilo mwaka 1992, chini ya Kennedy Kiliku, iliona kwamba walikuwako wanasiasa waliochochea. Tazama jinsi tarehe mbili ndogo, zikiwekwa mahali pake, zinavyoiangusha hoja iliyotisha taifa zima. Hii ndiyo faida ya kujua historia pamoja na mantiki: mantiki hukuonyesha ufa ulipo, na historia hukupa chuma cha kuupanua.

Basi, msomaji, nini la kuchukua? Nakupa maswali manne. Unapoambiwa kwamba jambo hili limeleta lile, uliza kama hakuna jambo la tatu, na kama tarehe zinakubaliana. Unapopewa sababu, uliza sababu yake, na uangalie kama hutarudishwa ulipoanza. Unapopewa njia mbili, tafuta ya tatu. Na unapopewa hoja, uliza ni jambo gani, likitokea, litaonyesha kwamba si kweli. Ikiwa hakuna, iweke chini. Kisha, jina la kupendeza au la kutisha linapotajwa, litafsiri kwa maneno ya kawaida. Sema "watu walitolewa nyumbani kwao usiku" mahali pa "fuawe", nawe utajua papo hapo kama bado unakubali.

Maswali haya uyaelekeze kwanza kwako mwenyewe na kwa wale unaowapenda. Ni rahisi kuona ufa katika hoja ya adui. Ugumu ni kuuona katika hoja inayokufaa, iliyosemwa na mtu wa kwenu, kwa sauti tamu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; nami naongeza kwamba katika nchi yetu kutouliza kumewahi kugharimu sana.

Siku utakayofungua sanduku lako la bati, litazame vizuri. Ukichunguza utaona alama za nyundo kwenye pembe zake. Bati lilipigwa likakubali, kwa sababu ndiyo tabia ya bati. Wewe una akili na ulimi, na kwa hivyo, hoja inapokujia kwa kishindo, una haki ya kuuliza kabla hujakunjwa.